Kaya, koma na majirani: maswali yanayoulizwa sana kuhusu imani, watu na misitu ya Mijikenda

Ukizungumza habari za kaya na mtu asiye wa Pwani ya Kenya, au hata wa Pwani lakini kakulia mjini, maswali huwa ni yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninavyoelewa mimi, mengine marefu mengine mafupi, manake si kila swali lina uzito sawa.

Hivi kaya ni nini hasa, msitu ama kijiji?

Ni vyote viwili. Wamijikenda, yaani Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma, walikuwa wakiishi ndani ya vijiji vyenye ngome, vingi juu ya vilima, na msitu mzito umevizunguka pande zote na njia za kuingilia ni chache tu ili adui asipate pa kupenya. Vijiji hivi vilianza kujengwa karne ya 16. Baadaye amani ikaja, watu wakaongezeka, wakatoka polepole kwenda kutafuta mashamba nje, na kufikia miaka ya 1940 hakuna aliyekuwa akiishi mule tena. Nyumba zikaoza, msitu ukabaki, makaburi yakabaki, na watu hawakuacha kurudi kuomba.

Ziko zaidi ya 40, kuanzia Kwale hadi Kilifi. Nyingine ni ndogo, hekta kama 10 tu, nyingine zinafika mamia ya hekta. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kadhaa kwenye orodha ya urithi wa dunia, zikiwemo Kaya Fungo ya Wagiriama, Kaya Jibana, Kaya Kambe, Kaya Kauma, Kaya Ribe, zile za Rabai, na Kaya Kinondo kule Kwale.

Na mambo ya kiroho yanaingia wapi hapo?

Mulungu ni mmoja, wa wote. Lakini waliotangulia, koma, hawajaenda mbali, wako pale walipozikwa na wanaona. Katikati ya kaya kuna fingo, kinga iliyozikwa ardhini na wazee wa kwanza, ambayo mapokeo yanasema ilibebwa kutoka Singwaya, kule kaskazini walikotoka. Mahali fingo lilipo si pa kila mtu na wala sipaelezi zaidi ya hapo, wenyewe hawapendi.

Wazee wa kambi, yaani baraza la wazee wa kaya, ndio wanaoingia kuomba. Wanaombea mvua, wanaombea maradhi yaondoke, wanaombea mji utulie. Na usikilize vizuri hayo maombi, hakuna mzee anayeingia kaya kuombea shamba lake peke yake, mvua ikija inamnyeshea na yule jirani msiyeongea naye.

Miiko yenyewe ni ipi?

Inatofautiana kaya na kaya lakini mingi inafanana. Hukati mti. Huingizi ng'ombe wala mbuzi kulisha. Hutoki nje ya njia. Hubebi kitu ukatoka nacho, hata jani, hata kijiti. Husemi matusi, hugombani, humwagi damu ya mtu, na mambo ya kimapenzi mule ndani ni mwiko kabisa. Kofia unavua. Kuna sehemu unaingia bila viatu. Kaya nyingine wanaruhusu kuokota kuni zilizokwisha anguka kwa shughuli maalum, au mganga kuchukua mzizi wa dawa kwa idhini, nyingine hazitaki hata hilo.

Angalia hapo miiko ya mti na miiko ya mtu imekaa pamoja bila kutenganishwa. Aliyekata mbambakofi na aliyemtukana mwenzake ndani ya kaya wote wameichafua, na wote wanasafishiwa mahali pamoja.

Je, miiko hii ililinda mazingira kweli au ni bahati tu?

Ililinda. Ukipita Rabai au Kauma utajionea mwenyewe, pande zote ni mahindi, mihogo, minazi na mikanju, halafu ghafla unakutana na ukuta wa miti mikubwa, hewa inabadilika unaisikia kwenye ngozi. Msitu wote wa zamani uliozunguka pale ulishakwisha, kaya ndiyo iliyobaki. Wataalamu wa mimea walipoanza kuzipita moja moja miaka ya 1980 walikuta mimea adimu ambayo kwingine nchini haipatikani ama ni shida sana kuipata, mingine ikiwa kwenye kisitu cha hekta chache tu. Mbega wale weusi kwa weupe bado wako Kinondo.

Sisemi kwamba wazee wale walikuwa wanafikiria bayoanuwai, hapana. Walikuwa wanalinda makaburi ya mababu zao na kinga ya mji wao. Lakini mti haujali sababu, ukiachwa unakua, na mizizi ikishika kilima udongo haushuki kwenye shamba la mtu aliye bondeni.

Mahusiano ya watu yanahusikaje na msitu? Hili ndilo sielewi.

Hili ndilo swali ambalo ningetaka kila mtu aulize, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Jiulize, msitu ambao haukuwa na seng'enge, haukuwa na askari, haukuwa na kibao, ulidumu vipi mamia ya miaka katikati ya watu wanaohitaji kuni kila siku? Mtu atakwambia waliogopa mizimu. Sawa, waliogopa, lakini hofu peke yake haitoshi, mtu mwenye shida anaweza kuizoea hofu. Kilichofanya kazi ni kwamba ukikata mti kosa halikuwa lako peke yako, lilikuwa linaangukia ukoo mzima na mji mzima. Mvua ikikosa, watu wanaulizana nani kafanya nini. Kwa hiyo shangazi yako anakuchunga, binamu yako anakuchunga, mama mkwe wako akisikia shoka upande ule anatuma mtoto akaangalie. Ulinzi ulikuwa ni watu kujuana.

Na ukishikwa hutupwi nje. Unatozwa, kuku au mbuzi kulingana na kosa, kaya inasafishwa, yanakwisha, unarudi kuwa mtu kama watu wengine. Faini ya kortini unalipa kisha unaondoka na kinyongo, hii ya wazee unalipa mbele ya watu wale wale utakaokutana nao kisimani kesho, na wao wamekubali kwamba yamekwisha. Ni tofauti kubwa sana.

Halafu kuna hili la wazee wenyewe. Mzee hawezi kuamka tu akaingia kuomba. Anatakiwa awe msafi, usiku ule hakaribiani na mkewe, na moyoni asiwe na ugomvi na mtu, manake maombi ya watu wenye chuki hayafiki. Sasa fikiria ukame umeingia, kila mtu anataka mvua, halafu kuna ndugu wawili kwenye ukoo wa mzee mmoja wamegombania mkanju wa mpakani mpaka hawasalimiani. Hao lazima waitwe kwanza. Wanakalishwa chini ya mwembe, mkubwa anasema yake, mdogo anasema yake, wake zao nao wanasema (na mara nyingi ndio wanaosema ukweli wenyewe wa mambo), wazee wanasikiliza bila haraka, mwisho pombe ya mnazi inamiminwa chini kidogo kwa ajili ya koma na wale wawili wanakunywa kata moja. Ndipo habari ya mvua inaanza.

Ndiyo maana mimi naamini kaya haikatwi na shoka kwanza. Inaanza kukatwa pale watu wanapoacha kujuana. Kijana ambaye hana mzee anayemheshimu hamwogopi mtu, mnunuzi wa makaa anayekuja na lori kutoka mbali hana shangazi pale, surveya aliyekuja kugawa viwanja hajui nani kazikwa wapi. Ukitaka kujua hali ya kaya yoyote usianzie kuhesabu miti, waulize wenyeji kama kambi bado wanakaa pamoja na kama vijana wanaenda kuwasikiliza.

Lakini huu si uchawi tu na ushirikina?

Hapana, na naomba hili tulichukulie kwa uzito manake watu wanakufa kwa ajili yake.

Uchawi ni kumdhuru mtu kwa siri. Maombi ya kaya yako kinyume kabisa, yanafanywa na kundi, watu wanajua, kwa faida ya wote. Mijikenda wenyewe ni wakali sana kwa wachawi, hata viapo vya zamani vilikuwa vya kuwafichua. Lakini leo Kilifi na Kwale mzee mwenye mvi anaitwa mchawi, anavamiwa usiku, anakatwa mapanga. Ukichimba chini ya hizo tuhuma mara nyingi unakuta shamba. Mzee ana ekari zake, hataki kuuza, vijana wa nyumba hiyo hiyo wanataka pesa, basi kifo kimoja kikitokea kwenye familia au mtoto akiugua mzee anageuziwa kibao. Wako wazee waliokimbia nyumba zao wakaenda kuishi kwenye makao ya kuwahifadhi wakiwa na watoto na wajukuu wazima.

Mzee huyo ndiye anayejua mipaka ya kaya, majina ya miti, maneno ya maombi na ukoo gani ulizikwa upande gani. Anauawa na vyote hivyo vinaenda naye. Hakuna mradi wa kupanda miche utakaorudisha hicho. Mtu akiniuliza leo hatari kubwa ya misitu hii ni ipi nitamtajia hili kabla ya makaa.

Mimi ni Mwislamu (au nimeokoka), je naweza kuhusika bila kuvunja dini yangu?

Kila mtu na dhamiri yake na sheikh wake au mchungaji wake, mimi simpangii mtu. Ila jua hali ilivyo. Wadigo wengi ni Waislamu, na Kaya Kinondo inalindwa na watu wanaoswali. Rabai ndiko wamisionari Krapf na Rebmann walikoweka misheni yao mwaka 1846, kanisa na kaya zimekuwa majirani tangu zama hizo. Kuna wazee wanaokwenda kanisani Jumapili na wanaijua kaya. Kuna wengine wamekataa tambiko kabisa lakini hawakati mti, wanasema ni makaburi ya babu zangu na hiyo inatosha.

Na kwenye dini zenyewe hukosi pa kusimama. Kuna hadithi ya Mtume, ameipokea Anas, kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi aupande. Kwenye Mwanzo 2:15 mtu anawekwa bustanini ailime na kuitunza, vyote viwili. Papa Francis mwaka 2015 aliandika waraka mzima wa mazingira, na humo kilio cha ardhi na kilio cha maskini amevishika pamoja. Ng'ambo kidogo tu, Pemba, wavuvi wa kisiwa cha Misali waliongeleshwa kuhusu uvuvi wa uharibifu kwa kutumia mafundisho ya Qur'ani, na msingi ulikuwepo tayari, manake wenyewe wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika pale, akaomba msala wa kuswalia, hawakuwa nao, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake kwa vile kimeelekea kibla. Mtu ukishaambiwa unapovulia ni mahali pa kuswalia unafikiri mara mbili kabla ya kutupa baruti.

Mekatilili anaingia wapi kwenye hii stori?

Anaingia katikati kabisa. Mwaka 1913 Waingereza walikuwa wanataka kodi ya nyumba, wanataka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi kwenye mashamba ya wageni, na wanataka watu watoke kaskazini ya mto Sabaki. Mekatilili wa Menza, mama mjane, akazunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, watu wakimfuata, mpaka wakakusanyika Kaya Fungo. Pale wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume wakala kiapo cha fisi, kwamba hakuna atakayeshirikiana na serikali ile. Alikamatwa akapelekwa magharibi ya Kenya pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakatoroka, wakarudi kwao. Agosti 1914 Waingereza wakailipua kaya kwa baruti.

Fikiria, serikali yenye bunduki inatega baruti kwenye msitu. Walikuwa wameshaelewa kwamba umoja wa watu hawa umekaa pale, kwamba wakiivunja ile sehemu watawavunja watu. Miti imeota tena na kila mwaka watu wanamkumbuka Mekatilili.

Serikali si ilishazilinda kisheria? Mbona miti bado inakatwa?

Kuanzia 1992 kaya zilianza kutangazwa kwenye gazeti la serikali kuwa kumbukumbu za taifa, mwaka huo huo Makumbusho ya Taifa yakawa na kitengo cha misitu ya Pwani, halafu ikaja sheria mpya ya urithi ya 2006. Yote yamesaidia, bila hati hizo baadhi zingekuwa hoteli leo. Na kuna kisiwa kule Kwale ambacho ni kaya na hoteli imejengwa humo humo.

Lakini karatasi haikai msituni usiku. Wachonga vinyago wanataka muhugu, wajenzi wanataka boriti, mjini wanataka makaa, na upande wa Kauma chuma kimechimbwa karibu kabisa na kaya. Mzee akienda kuripoti anaambiwa alete ushahidi, akirudi nyumbani anakuta aliowaripoti wameshajua nani kawataja. Hapo nalaumu waziwazi, ofisi zinazopokea malalamiko zingewalinda wazee hawa vizuri zaidi kuliko zinavyofanya.

Vigango ni vitu gani na vina uhusiano gani?

Ni nguzo za mbao zilizochongwa ambazo Wagiriama wanawasimamishia marehemu waliokuwa wa chama cha Gohu. Kigango kikishasimama hakihamishwi, hata familia ikihama. Kuanzia miaka ya 1970 na 80 viliibwa kwa wingi, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikafika makumbusho ya Marekani kama mapambo. Kuna familia zilizosimulia kwamba tangu kigango kuibwa kwao hakujatulia, vifo, maradhi, mavuno mabaya. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kutoka Illinois na Virginia hadi kwa familia yenyewe Kilifi, na vingine vimefuata baadaye. Mwizi kwa kawaida alikuwa kijana wa hapo hapo aliyelipwa pesa kidogo, tunarudi kwenye lile lile la kijana na mzee.

Mtu ana njaa, utamwambia habari za koma?

Hapana. Mwenye njaa mpe njia ya kula. Na mifano ipo Pwani, si ndoto. Gede kuna Kipepeo, mradi ulioanza 1993, wakulima wa pembeni ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo, wanauza mabuu yaliyojifunga kwenda nje ya nchi, na msitu wanaulinda wenyewe kwa sababu ndiko mbegu ya vipepeo inakotoka. Gazi, jirani wa Kinondo, wana Mikoko Pamoja tangu 2013, wanatunza mikoko yao, wanauza kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko inaihifadhi, pesa inaenda kwenye maji na shule baada ya wanakijiji kukaa na kuamua. Kinondo yenyewe wageni wanalipa kiingilio na kinasaidia jamii.

Ila angalia ni nini kinaibeba hii miradi. Mahali watu wanapoaminiana pesa inajenga, mahali wasipoaminiana pesa hiyo hiyo inaleta vita kati ya mwenyekiti na wanachama na msitu unaachwa unaliwa. Kwa hiyo hata hapo huwezi kuruka kile kikao cha chini ya mwembe.

Wanawake wana nafasi kwenye kaya au ni mambo ya wanaume?

Wanayo. Kuna wanawake wazee wenye maombi na ngoma zao, na Mekatilili nimeshamtaja. Kwenye kuokota kuni na kuteka maji ndio wanaopita karibu na msitu kila siku, wanaona mabadiliko kabla ya mtu mwingine yeyote. Wangepewa sauti zaidi kwenye kamati, hiyo ni maoni yangu.

Kwetu hakuna kaya, niko Nairobi (au Dammam, au Mwanza). Nifanyeje?

Kwenu kuna kitu. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata Nobel mwaka 2004, alisimulia kwamba mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo, ule mtini, kwa sababu ni mti wa Mungu, na baadaye alipokuwa mkubwa akaona ile miti ilipokatwa vijito navyo vikapotea. Uliza kwenu ni mti gani haukatwi, ni chemchemi gani haichezewi, na ni nani aliyekuwa anapatanisha watu. Piga simu kwa bibi yako leo usingoje likizo ya Desemba. Umrekodi akikubali.

Nataka kutembelea kaya, utaratibu ni upi?

Kinondo ndiyo rahisi zaidi kwa mgeni, iko karibu na Diani. Kaya nyingine usiende mwenyewe hata kama umeiona kwenye ramani ya simu, tafuta mwenyeji akupeleke kwa wazee kwanza, salimia, sema umetoka wapi na unataka nini. Kinondo utapewa kaniki nyeusi ufunge kiunoni juu ya nguo zako, utavua kofia, mwenyeji atakueleza miiko kabla ya kuvuka, na kuna mti mkubwa ambao atakwambia uukumbatie useme haja yako. Wengine huona haya mwanzoni. Usiende na plastiki za kutupa, usichume kitu, wapenzi msishikane shikane, na picha uliza kila mara kabla ya kupiga kwa sababu kuna sehemu wanakubali na sehemu hawakubali. Kama mmegombana njiani na mwenzako, malizaneni nje kabla hamjafunga kaniki.